Nani Atatupeleka Baharini

Katika mji mzima wa Tiltil hakuna mwanamke wa rika lake aliyewahi kumshinda Orfelina Huerta kuupanda mlima wa La Dormida kwa baiskeli. Ni kweli kabisa, usibishe. Wanawake wa rika hilo wenye baiskeli walikuwa wawili, na yule mwingine aliiuza yake goti lilipomkatalia.

Waliokuwa wakimshinda ni wanaume. Hasa mmoja, Baldomero, mume wa dada yake, kapteni wa klabu ya baiskeli mwaka nenda mwaka rudi.

Klabu ilikuwa na desturi yake. Jumapili ya kwanza ya Septemba, baridi ikishaaga na miti ya espino ikichanua manjano mlima mzima, wote wanapanda La Dormida. Wanaondoka kwa umri, wazee wanatangulia na vijana wanafuata baadaye, ili wenye mapafu ya zamani nao wapate nafasi. Atakayekuwa wa kwanza kugusa kijumba cha msalaba kule kileleni, alipofia dereva mmoja wa lori, huyo ndiye kapteni, na kapteni ndiye anayechagua safari za mwaka mzima. Na safari za Baldomero, ziende kaskazini ziende kusini, zote ziliishia kwenye mgahawa wa binamu yake, kula maharage yenye tambi.

Orfelina alitaka bahari. Unavuka mlima ule, unateremka Olmué, unapita Limache, unafika. Kila mwaka aliomba, na kila mwaka Baldomero akamjibu kwamba baharini kuna upepo.

Asubuhi ile chini ya mlima, Baldomero alikuwa akijipaka mafuta miguuni kama kuku anayesubiri kuokwa.

"Shemeji," akaita, "nasikia umenunua baiskeli mpya."

"Sijanunua. Nimeipaka rangi."

"Ungebakiza kidogo ujipake na wewe."

"Wewe lishike hilo tumbo, shemeji. Litafika kileleni kabla ya gurudumu."

Yesenia, katibu wa klabu, binti mwenye mapaja ya farasi, alicheka hadi filimbi ikamdondoka. Akaiokota, akaipuliza. Hao!

Kwa haki Orfelina angetangulia peke yake, maana ndiye aliyekuwa mkubwa. Lakini siku ya kujiandikisha alijipunguzia miaka, na sasa ilimbidi aondoke sambamba na shemeji yake, akijilaani kimoyomoyo kwa kujifanya kijana.

Kona ya kwanza walikwenda bega kwa bega. Kona ya pili Baldomero alianza kuhema kama mvukuto wa mhunzi. Orfelina akashusha gia, akanyanyuka kwenye kiti, akakanyaga. Miguu ikaitika! Alishangaa mwenyewe. Jasho lilimwingia machoni, harufu ya maua ikamjaa puani, na kule nyuma kuhema kukazidi.

"Ngoja basi tuongee!" Baldomero alipiga kelele.

"Tutaongea ufukweni!"

Ndipo likaja gari la mizigo, kuukuu, limesheheni makasha ya matunda ya mpungate, likikohoa moshi mweusi na kupanda kwa mwendo wa mbuzi mgonjwa. Orfelina alijibanza ukingoni, akafumba macho na mdomo hadi moshi ukapita. Alipogeuka, barabara nyuma yake ilikuwa tupu.

Amekatika pumzi! Baldomero amekatika! Orfelina alicheka peke yake kama mwehu. Alikanyaga akiimba, alikanyaga akitukana, akaanza kupanga moyoni nani abebe sambusa za empanada na nani abebe kitambaa cha kukalia mchangani. Kona ya mwisho hiyo. Msalaba ule pale.

Na Baldomero ameuegemea.

"Karibu, shemeji. Nimekungoja hadi nimepoa."

"Umepita wapi?"

"Kwenye ule moshi. Wewe ulifumba macho, mimi nikakaza pedali. Huo ndio uzoefu."

Bahari yote ilimkauka Orfelina kinywani. Vijana walipofika, Yesenia mbele, walimkuta amesimama ameshika usukani. Hata hivyo kapteni mpya lazima apewe mkono, naye alikuwa amelelewa vizuri. Akaunyoosha wake.

Baldomero akaweka mikono nyuma. "Nina jasho."

"Na mimi nina nini, marashi? Lete mkono, nimeshindwa lakini adabu ninayo."

Akamvuta, akaubana mkono ule kwa hasira zake zote. Baldomero aliruka, akatoa yowe lililowaamsha ndege. Orfelina akakigeuza kiganja juani. Kilikuwa kimeota vimiiba vyembamba kama manyoya, tele.

"Shemeji, hii si miiba ya mpungate?"

"Nilianguka," Baldomero akasema. "Huko chini. Nikaangukia mpungate wa watu."

"Maskini. Kabla ya lile gari au baada?"

"Kabla."

"Kabla yake ulikuwa unahema mgongoni kwangu."

"Basi baada."

"Baada yake si ulikuwa umeshanipita? Ningekukuta chini barabarani, nikakuinua."

Vijana walikuwa wamewazunguka, mashavu yamewavimba kwa kicheko.

"Kapteni Orfelina," Yesenia akauliza, "baharini tubebe makoti ya upepo?"

Baldomero alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaficha kiganja kwapani.

"Mimi sikulishika lile gari," akasema. "Lenyewe lilinisogelea."