Yuniti Tatu kwa Mwezi

Ngari alikuwa msoma mita wa kampuni ya maji, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: huruma. Miaka sita alizunguka nyumba za Karurumo na kitabu chake, na kila mwezi alipofika kwa Cucu, yaani Bibi Wambeti, na kukuta ajuza ametumia yuniti ishirini na tano za maji, yeye huandika tatu. Angefanyaje? Bibi huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Sasa bibi aliishi kwa kitalu cha miche ya makadamia, na miche ndiyo iliyomsomesha mjukuu wake, Kawira. Miche nayo hunywa maji kuliko ng'ombe.

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Wapi! Jirani mmoja akajua, akaja kulia shida zake. Mwingine akaleta mkungu mzima wa ndizi. Ukimpa huyu, yule utamnyimaje? Mwishowe laini nzima ya bomba, nyumba arobaini, ikawa yuniti tatu, tatu, tatu. Wema usizidi uwezo, walisema wahenga, lakini nani huwasikiza? "Kampuni haiwezi kufilisika kwa ndoo za kikongwe," Ngari alijiambia, akalala usingizi mnono.

Februari, jua likiwaka kweli kweli, mota ya pampu iliyosukuma maji hadi Karurumo ikaungua. Wiki ya pili meneja akaja mwenyewe kutoka Embu mjini, baraza likaitishwa uwanjani mwa kanisa. Alikuwa mama mpole, Bi. Jedidah, mwenye sauti ya mtu aliyechoka kuomba radhi. Alieleza kwamba stima ya kuendesha pampu, dawa ya kusafisha maji na mishahara vyote hulipwa kwa pesa za bili, na zilizobaki zinatosha mota moja tu. Laini zilizokwama ni mbili: hii, na nyingine kule chini.

"Nimeangalia vitabu," akasema. "Nyumba za hapa zinatumia yuniti tatu kwa mwezi. Za kule chini ni kumi na nane. Nikiiweka mota hapa, haitalipa hata stima yake. Kama vitabu vina makosa niambieni sasa, nitaileta hapa."

Ngari alisimama nyuma ya meneja, kitabu kwapani. Neno moja lingerudisha maji. Neno hilo hilo lingemfukuza kazi, pengine limfikishe kortini, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Alijichukia, lakini kusema hakusema.

Ndipo Cucu Wambeti akainuka kwa mkongojo wake. Kitalu cha bibi kilikuwa na miche elfu mbili, imebakiza mwezi mmoja iuzwe, na karo ya Kawira ilikuwa inangoja miche hiyo. Bibi akamtazama Ngari kwa muda, kisha akamgeukia meneja.

"Madam, vitabu havina makosa. Sisi watu wa hapa hatutumii maji mengi. Huyu kijana wetu huandika anachokiona."

Watu wakatikisa vichwa kukubali, mmoja baada ya mwingine. Bi. Jedidah akashukuru, akaingia garini.

Ngari alimkimbilia bibi langoni. "Cucu, kwa nini?"

"Ulitaka nikuuze?" Wambeti akamjibu kwa ukali. "Miche nitapanda mingine."

Atainyweshea nini, hakusema. Miche ilikauka yote kabla ya mvua. Kawira akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na asubuhi moja Ngari alikutana naye akipanda kutoka mtoni, mtungi wa lita ishirini mgongoni, kamba ikimkata kipaji cha uso. Yeye Ngari alikuwa njiani kwenda kusoma mita za watu wengine.

"Habari ya asubuhi, anko," msichana akamsalimia. Akasimama kuvuta pumzi. "Cucu anasema tusisahau kukushukuru kwa vile ulivyotusaidia."

Ngari akalia pale pale barabarani, mtu mzima, na msichana akatua mtungi wake ili ambembeleze.