Dakika ya Arobaini na Mbili

Chrispin aliwatafsiria watu wa mtaa wa Mukendo sinema za kigeni, sauti yake juu ya sauti za waigizaji, kisha akawajazia kwenye flashi. Waigizaji aliwabatiza majina ya hapa hapa, maana wateja walipenda hivyo. Ilipotoka sinema mpya ya polisi, yenye damu na mateke mengi, mahabusu mmoja hakuwa na jina. Chrispin, mdomo ukiwa umetangulia akili kama kawaida yake, akamwita Jastin Masatu. Huyo alikuwa kijana wa kijiji cha Bukima aliyechukuliwa na polisi mwaka juzi asionekane tena.

Kesho yake mahabusu yule wa kwenye sinema alikuwa amegeuka Jastin mwenyewe, na kovu lake la ndoana kidevuni. Wateja walisema sinema imenoga zaidi.

Mama yake Jastin, Yunis, alikuja na flashi, akaitazama sinema pale dukani kwa Chrispin amesimama. Jastin alikuwa amekaa kwenye kona ya selo. Aliuliza kwa Kijita kama mbuzi wameshafungwa.

"Wameshafungwa," Yunis akamjibu.

Dakika ya arobaini na mbili askari alifungua mlango, akamtoa. Jastin hakurudi hadi sinema inaisha. Yunis akamgeukia Chrispin.

"Huyu askari si Pastory wa kituoni?"

"Ni yeye, mama. Nilikuwaga namuona sokoni. Lakini huyo mimi sikumpa jina. Alikuja mwenyewe."

Kituoni walikuwa wamemwambia Yunis miaka miwili kwamba hawamjui mwanawe. Safari hii alikwenda na ushahidi. Afande Pastory ndiye aliyekuwa kaunta. Alichomeka flashi kwenye kompyuta, akatazama kwa utulivu, akajiona akifungua mlango.

"Wamenikondesha," alisema. Akarudisha nyuma, akatazama tena. "Ndiyo huyu mwanao?"

"Ndiye."

"Una uhakika, mama?"

"Si nimemzaa mimi?"

Afande Pastory akatoa jalada, akaandika kwa mwandiko mzuri: *Aliyepotea ameonekana.* Yunis alisaini, kwa sababu ilikuwa kweli. Afande akagonga muhuri, akalifunga jalada, akamrudishia flashi yake.

Jioni, nyumbani Bukima, Yunis aliiwasha tena. Jastin aliulizia mbuzi, akajibiwa. Dakika ya arobaini na moja Yunis akasimamisha sinema. Buti za askari zilikuwa zimeshaonekana chini ya mlango wa selo. Akavuta kigoda, akakaa na rimoti mkononi.