Picha ya Dakika ya Tano

Hakuwa na shahada. Hakuwa na kiti chenye mgongo, wala koti lenye jina kifuani, wala meno mawili ya mbele, wala mtu wa kumtetea. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpiga picha wa mashine ya CT, na wote walimwita Subiri, maana ndilo neno alilowaambia wagonjwa.

Dawa ya kung'arisha picha ikishaingia mshipani, wenzake walipiga picha mbili za ini na kumshusha mgonjwa. Subiri alingoja dakika tano, akapiga ya tatu. Daktari msoma picha alikuwa amekataza kabisa. Foleni ilifika mlangoni, na mashine, alisema, si kibanda cha kupumzikia wazee.

Akaja fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na minne, ini limejaa madoa. Daktari alitazama picha mbili za kwanza huku akitafuna karanga, akaandika: saratani iliyosambaa kutoka kwingine, hakuna tiba. Barua hiyo ikifika hospitali kuu, jopo la wapasuaji lingefunga faili, na fundi angerudishwa nyumbani kufa.

Subiri akampelekea daktari picha ya tatu. Alieleza kwamba madoa yaliyokuwa meusi katikati sasa yalijaa dawa taratibu, na ya pembeni yalivuta ukingo wa ini ndani. Aliwahi kuona hivyo mara moja tu: uvimbe adimu wa mishipa ya damu, mwendo wake wa konokono, na mgonjwa alipewa ini jingine akaishi. Aliomba jopo liione, wakate kinyama wakipime.

Daktari alicheka mpaka wauguzi wakalazimika kucheka naye. "Subiri, wewe bonyeza vitufe. Kufikiri tuachie sisi."

Alipobaki peke yake aliitazama tena picha, akaacha kutafuna. Siku ya tisa alimwita Subiri, akamwekea mezani barua mpya badala ya ile ya kwanza, ambayo alikuwa hajaituma. Ilisema daktari aliagiza picha ya dakika ya tano mapema, mpiga picha akaikawiza kwa uvivu.

"Ukisaini, picha inaondoka leo. Usiposaini, naifuta. Chagua, mzee wangu."

Subiri aliuliza kazi yake itakuwaje. Daktari akasema mvivu hana kazi hapa.

Alisaini.

Daktari akafungua mlango, akamsomea dada mkubwa wa fundi, aliyekuwa akingoja nje, ile sehemu ya uvivu, kwa sauti ya upole kabisa. Dada akamsogelea Subiri.

"Kumbe ni wewe, baba. Mdogo wangu siku tisa analia, na wewe umeona uvivu kubonyeza kitufe tu."

Akamtemea mate kifuani.

Subiri angejitetea, bahasha ya kwenda hospitali kuu ingebaki mezani. Alihakikisha diski yenye picha ya tatu imo, akalamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa kiganja, akampa dereva wa hospitali, akasimama mpaka gari lilipotoka langoni.