Nati za Gurudumu la Mbele

Mume wangu ni fundi cherehani, na ni mtu mwangalifu sana, kama anavyowaambia hata wasiomuuliza. Kwa uangalifu huo, kila jioni huifungua baiskeli yake gurudumu la mbele, akalisukuma chini ya kitanda, ili mwizi akija akute kitu kisichoendeshwa. Mwaka wa tisa huu nalala juu ya gurudumu. Mwizi hajaja bado, labda kwa kuwa ameshaiona baiskeli yenyewe mchana.

Asubuhi hulirudisha, akakaza nati mbili kwa spana, ndipo ukaguzi mkuu uanze. Hupiga kengele mara tatu. Hufuta kiti kwa kipande cha suti ya mteja. Huwasha taa aone kama inawaka, jua likiwa limeshatoka. Kisha humpandisha binti yetu wa miaka sita kwenye keria, wakateremka mlima hadi shuleni.

Jumanne ile, yeye akinyoa ndevu, mimi nilikuwa nafagia chini ya kitanda. Nikaona nimsaidie. Nikalipachika gurudumu, nikazungusha nati kwa vidole mpaka zikagoma, nikamwachia spana juu ya kiti amalizie. Tenda wema nenda zako, nami nikaenda zangu: chai ilikuwa inafurika. Bwana mwangalifu akatoka, akakuta gurudumu liko mahali pake. Spana akaiweka dirishani, ili apate kufuta kiti.

Niliiona spana pale nikisuuza vikombe, nikajua nati hazijakazwa. Nikatoka mbio bila viatu. Kutoka kwetu hadi mteremkoni ni nyumba kumi na moja, na kila nyumba ilikuwa na mtu wa kuniuliza kulikoni, utadhani nimeitisha mkutano. Sijawahi kuogopa vile. Nilikuwa naona kichwa cha mwanangu, nywele nilizomsuka jana yake, na lami.

Mdomo wa mume wangu, niliousema miaka yote, ndio uliotuokoa. Alikuwa amesimama pale mlima unapoanzia, mtoto nyuma, akimfundisha muuza mkaa jinsi ya kutunza baiskeli.

"Mshushe mtoto," nikamwambia. "Gurudumu nimelitia mimi, kwa vidole tu."

Alimshusha ili kuniridhisha, huku akisema ameshaikagua yote. Muuza mkaa, ambaye hakuwa na elimu hiyo, akainua usukani na kulipiga gurudumu kofi moja. Nati moja ilikuwa imeshaanguka njiani. Gurudumu likachomoka, likashika mteremko peke yake, likaongeza kasi hadi barabara kuu kule chini, na lori likalipitia juu.

Mume wangu alibaki ameshika usukani usio na gurudumu. Mimi nilisema. Nilimuuliza ni dereva gani hupiga kengele mara tatu asiguse nati hata mara moja, tena amempakia mtoto wa watu. Nilisema vizuri sana, mpaka muuza mkaa akainamisha kichwa kwa niaba yake.

Binti yangu alisubiri nimalize, akanishika gauni.

"Mama, wewe ulijua hazijakazwa?"

Nikatafuta la kumsukumia baba yake, nikalikosa.

"Nilijua," nikamwambia.