Vidole Vinne Kwenye Mtungi

"Kigae hicho umekigeuza, Fundi. Kimekaa miguu juu."

Fundi Gundi hakuinua uso. Alikwisha kupaka gundi ukingo mzima wa kigae, na gundi ile ikishika haiachi. "Mama Mswaki," alisema, "wewe unaosha, mimi naunga. Tusiingiliane."

Mama Mswaki alirudi kwenye beseni lake. Kwa miezi mitatu, katika chumba cha nyuma cha jumba la makumbusho, alikuwa akisugua vigae kwa mswaki, kimoja baada ya kingine. Kibarua chake kilikuwa kinaisha siku ile, na aliyetakiwa kusema nani abaki na nani aende alikuwa Fundi huyo huyo. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Lakini mtungi ule waliokuwa wakiuunga upya, wa kuwekea akiba ya chakula, uliofinyangwa na mafundi wa Kiislamu miaka mia tisa iliyopita na kuvikwa utando wa kioo wa rangi ya samawati, aliuosha wote kwa mikono yake. Aliujua kama mama anavyoujua mgongo wa mwanawe.

Akafuta mikono kwenye aproni, akarudi.

"Hupiki wewe, Fundi?"

"Napikiwa."

"Ndiyo maana. Maziwa yakifurika, hutiririka upande gani wa sufuria?"

"Chini. Yaende wapi tena?"

"Basi tazama." Alionyesha kwa ncha ya mswaki, bila kugusa. Juu ya kigae, utando wa kioo ulikuwa umeyeyuka tanuruni na kutiririka kwa michirizi mitatu, na kila mchirizi uliishia kwa tone nene. Matone yote yalielekea mdomo wa mtungi. "Haya yalipanda yenyewe?"

Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliinamisha kichwa upande huu, kisha upande ule. Halafu akakibandua kigae kabla gundi haijashika, akakigeuza. Kikaingia mahali pake bila kulazimishwa. Na hapo ukingo ulipokutana na ukingo, madoa ya udongo mtupu yaliyodhaniwa kuwa mabaka tu yakakamilika: alama za vidole vinne vya mtu aliyeunyanyua mtungi kabla rangi haijakauka, kabla haujaingia tanuruni.

"Na mimi nilikuwa naandaa plasta ya kuziba mwanya," Fundi alisema polepole. Kisha akasogea pembeni. "Shika hapo, mama. Robo saa. Usitikisike."

Alishika. Vidole vyake vinne vilitulia juu ya vile vinne, kana kwamba vilipimwa.

Msimamizi alichungulia mlangoni. "Mama Mswaki, kuna kasha jipya la kuosha."

"Tafuta mwingine wa kuosha," Fundi akajibu. "Huyu naunga naye."

Mama hakugeuka. Alinyoosha mgongo, akapumua taratibu, na chini ya vidole vyake udongo baridi ukaanza kupata joto.