Bundi Amesema Iinuliwe

Pikipiki ilikuwa yangu. Naanza hapo kwa sababu hapa kwetu Kibirichia ukitaja mwanamke na pikipiki kwa pumzi moja, watu humtafuta mume wake wampe hongera. Niliinunua mnadani Meru, mali ya shirika fulani la maji lililofungasha virago, kwa pesa za viazi nilivyolima mwenyewe. Injini yake ilikuwa ya kadiri, cc mia mbili na hamsini, si zile kubwa za kutisha watu wala si zile ndogo zinazolia kilio zikiona mlima. Ilinivuta mimi na mzigo wangu bila manung'uniko. Kiti kilikaa chini vizuri, na miguu yangu hii mifupi ilifika ardhini yote miwili.

Kila asubuhi nilikusanya maziwa ya majirani, nikafunga mitungi nyuma na kuteremka hadi Kiirua kwa Ednah, mwenye hoteli ya chai kando ya barabara ya Nanyuki. Boda zilikuwa bado hazijajaa barabarani, kwa hivyo mwanamke juu ya pikipiki alikuwa sinema ya bure. Vijana walipiga mbinja. Wanaume wa kanisa walikohoa. Mume wangu Kiambi, mwalimu wa shule ya msingi, alisema hana shida na jambo hilo, na alilisema akiangalia pembeni.

Likizo ya Agosti akasema anaipeleka Kiirua ibadilishwe oili. Jioni nilikuwa nakamua, nikasikia mngurumo kabla sijaona mtu. Ng'ombe akaipiga ndoo teke.

"Mama Alice! Njoo uone mashini sasa!"

Nilitoka na mikono yenye maziwa. Ekzosi ilikuwa mpya, nene kama kopo la mafuta ya Kimbo. Pikipiki yenyewe ilikuwa imesimama juu kama mbuzi anayetaka kula majani ya mti.

"Ekzosi imefunguliwa," Kiambi alisema, anameta kwa furaha. "Kichwa ya injini imekwanguliwa, pawa imeongezeka. Na hii shoki ni ndefu. Unaona vile imeinuka? Sasa haiwezi gonga mawe."

"Nani alikwambia inagonga mawe?"

"Bundi. Bundi amesema iinuliwe."

Sasa elewa jambo moja. Sisi Wameru herufi ya fe hututoka kwa shida, hasa tukiwa na haraka. Fundi wa nyumba kwetu ni bundi, fundi wa redio ni bundi, fundi wa viatu vilevile. Kwa hivyo mimi nilisikia fundi. Na fundi wa pikipiki akishasema pikipiki iinuliwe, mimi mkulima wa viazi nitambishia nini? Nikarudi kukamua.

Asubuhi nikajaribu kuipanda. Nilining'inia kama nguo kwenye kamba, ncha ya kidole kimoja ikipapasa chini. Nikapiga kiki, na kiki ikanirudishia mguu kwa hasira, maana injini ilikuwa imebanwa mpaka inahitaji mguu wa dume. Nilipiga tena nikiegemea lango. Tukaanguka wote, mimi, pikipiki na mitungi. Maziwa ya jirani yangu Karwirwa yakaenda kwenye mtaro, naye akacheka kwanza, kisha akakumbuka ni yake.

Kiambi alitoka na kikombe cha chai. "Pole sana. Basi niachie mimi, nitakuwa napeleka." Aliyasema upesi mno, kama mtu aliyekuwa ameyaweka mdomoni tangu jana.

Akaanza kupeleka. Watu huniuliza mpaka leo kama kuiongeza pikipiki nguvu kuna faida yoyote. Nguvu ya kufanya nini? Kwenye lami ilikwenda kama imefukuzwa, na Kiambi kwanza alipita mbele ya walimu wenzake wamsikie, ndipo akakumbuka maziwa. Kwenye tope la kupandia huku kwetu, ikiwa na mitungi, ilikohoa na kuzima, kwa sababu walikuwa pia wamebadilisha meno ya mnyororo ili ikimbie. Petroli iliinywa kama mlevi anayenunuliwa. Ng'ombe walishtuka, watoto wachanga waliamka, na maziwa yalifika kwa Ednah yamechacha. Yaani walichukua kitu kilichofanya kazi, wakakigeuza kitu cha kupigia kelele. Nilikichukia kila kipande kipya cha chuma kilichowekwa pale.

Ednah alinitumia salamu. Maziwa yakiharibika tena, atachukua kwa mtu mwingine. Majirani nao walikuwa wameanza kuniangalia vibaya, na ile kazi ndiyo iliyokuwa ikiniweka kijijini kama mtu mwenye jina lake, si bibi ya mwalimu tu. Nikaona inaponyoka. Nikapanda lori la viazi kwenda Kiirua kumtafuta huyo fundi nimrarue.

Nilimkuta Runji kwenye kibanda chake cha mabati, ameinamia injini ya pampu.

"Wewe ndiye umeharibu pikipiki yangu?"

Hakuinua kichwa. "Yako? Mwalimu alisema ni yake."

"Mbona ulimwambia iinuliwe?"

"Mimi? Mimi nilimwambia hiyo mashini iko sawa, ibadilishwe oili iende. Ni Bundi alisema iinuliwe."

"Na bundi si ni wewe?"

Hapo aliniangalia. "Mama, mimi ni Runji. Bundi ni Bundi. Mzee wetu wa kanisa, yule wa koti ya kijivu. Mwalimu alikuja na yeye."

Nilimjua. Ni nani asiyemjua Bundi? Mwenyekiti wa kamati ya wanaume, mtu anayeomba kwa muda mrefu kuliko mahubiri, na aliyewahi kusema mbele ya akina mama kwamba mwanamke kutanua miguu juu ya injini ni aibu kwa ushirika. Nikahisi masikio yanachemka.

"Alisema nini hasa?"

"Nikauliza, iinuliwe mpaka wapi?" Runji akaweka kiganja juu ya mshipi wake. "Akapima hivi na mkono. Akasema, mpaka bibi yake asifike chini. Na kiki ikazwe."

"Na mwalimu?"

"Alicheka."

Bundi nilikuwa namtarajia. Adui wa wazi unamwekea uso mgumu, mkapishana. Lakini kile kicheko kilinikata. Kiambi anaijua miguu yangu. Ameniona nikipanda kiti kushusha sufuria, na ameniinulia ngazi ya dari miaka yote hii. Alikipeleka kile anachokijua yeye peke yake kwenye kibanda cha mafuta machafu, wakakipima kwa kiganja.

"Ishushe," nikamwambia Runji.

"Mwenyewe akileta."

"Mwenyewe ni mimi!"

"Usiniletee fujo hapa, mama. Hao watu naabudu nao." Akarudi kwenye pampu yake.

Jumamosi jioni Kiambi alikuwa mezani anasahihisha vitabu. Sikukaa.

"Baba Alice, Bundi ni fundi wa nini?"

Kalamu ilisimama. Alielewa mara moja, na sijui kwa nini hilo liliniudhi zaidi.

"Watu wanaongea, Mama Alice," akasema. "Kamati yote. Hata shuleni. Nikiingia stafurumu wanauliza kama leo nimebebwa. Wanasema nimekaliwa na bibi."

"Kwa hivyo ukaona uniinulie kiti."

"Si nilisema nitapeleka maziwa mimi?"

"Ednah ananiacha! Yanafika yameoza!"

"Sauti yako, mtoto anasikia."

"Asikie! Asikie vile baba yake amekosa ujasiri wa kuniambia shuka, akaenda kunikatia miguu kwa fundi!"

Akafunga vitabu. Uso wake ulikuwa ule anaowaonyesha wanafunzi. "Basi ni yako. Ipande. Nani amekushika?"

Aliacha funguo pale mezani. Alijua siwezi.

Jumapili wakatangulia kanisani, yeye na Alice. Mimi nilifunga mitungi nyuma, nikaisukuma pikipiki mpaka penye tuta kando ya njia yetu, pale njia inapoanza kuteremka. Nikapanda juu ya tuta na kuirukia kutoka juu kama mtu anayepanda punda. Gia ya pili, klachi ndani, ikaanza kuteremka yenyewe. Nilipoachia klachi ilinitingisha meno, ikazima, ikatingisha tena, halafu ikanguruma na kunivuta mikono.

Sasa nilikuwa juu na sikuwa na njia ya kushuka. Njia yenyewe inapita katikati ya uwanja wa kanisa, na ibada ya kwanza ilikuwa imetoka. Watu walisikia kabla hawajaniona. Kiambi alitoka mbio, akasimama njiani na kiganja juu, vile anavyosimamisha watoto wa darasa la tatu. Nyuma yake lilikuwa lile koti la kijivu.

Nikaweka gia ya kwanza, nikamzunguka.

"Simama!"

"Siwezi!"

"Nakwambia simama, ushuke!"

"Nikisimama naanguka na maziwa ya watu! Miguu haifiki! Si mlipima?"

"Walipima nini?" Karwirwa aliuliza, na sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti.

Basi nikawaambia. Niliwaambia nikizunguka uwanja, nikipiga kelele juu ya kelele ya ile ekzosi yao, kwamba mume wangu na mzee wa kanisa walikwenda Kiirua kupima miguu yangu kwa kiganja, wakamlipa fundi ainue pikipiki mpaka nisifike chini. Bundi alianza kufunga vifungo vya koti. Binti yangu Alice alikuwa mlangoni mwa kanisa, ameshika Biblia ya baba yake, anamwangalia baba yake.

Kiambi akawa anakimbia kando yangu, viatu vya Jumapili vikijaa vumbi. Sijamwona akikimbia hivyo tangu tuoane.

"Shuka, Mama Alice. Tafadhali, watu wanaona. Kesho asubuhi naipeleka ishushwe, nakuapia."

Nilimwonea huruma. Iliingia na ikapita.

"Ishushe ukitaka," nikamwambia. "Mimi sishuki."

Aliacha kukimbia. Sikugeuka kumwangalia, kwa sababu barabara ya Kiirua ilikuwa mbele na sikujua bado nitasimama vipi nikifika kwa Ednah. Niliingiza gia ya pili nikateremka, maziwa ya Karwirwa yakigonga vifuniko nyuma yangu.