Sahani za Bi Mwanakhamis

Serikali ilipotangaza kwamba mkate wa ufuta hauuzi ila mwenye leseni, na leseni hapewi ila mwenye jiko la sakafu ya saruji, sisi wa Kikwajuni tulicheka. Nani huku ana saruji? Anayo yule mwenye tanuri Darajani, na mkate wake mgumu hata panya anaususia.

Jirani yangu Bi Mwanakhamis hakucheka. Ni mjane, na mkate ule ndio uliomlisha yeye na wanawe. Akaacha kuuza, akawa anatugawia sahani kwa sahani. Na kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hilo hata mtoto analijua. Ilitoka na mkate, ikarudi na mchele, au sukari, au kipande cha samaki. Sisi tukala, naye akala. Kadhulumiwa nani hapo?

Siku moja akaja bwana afya, Miraji, mwana wa Bi Kazija wa mtaa huu huu, soksi zimemfika magotini.

"Bi Mwanakhamis, hii biashara."

"Hizi sahani, mwanangu. Hata wewe ushakula humu."

"Mchele ukiingia, biashara."

Akavunja vyungu vyake kwa kiatu. Akakusanya sahani, ati ushahidi. Moja akaigeuza, akaona chini alama nyekundu anayotia mama yake vyombo vyake. Akaificha kwapani. Zetu zikaenda afisini, ile akaipeleka kwao. Mwizi wa usiku angalau ana haya.

Bi Kazija aliipokea sahani yake mlangoni, akaitazama.

"Mbona tupu?"

Bibi akavaa buibui lake, akaja kumchukua Mwanakhamis.

Kesho yake harufu ya ufuta ilitoka uani kwa Bi Kazija, kwenye sakafu ya udongo kama zetu. Sisi tumejipanga mlangoni na mabakuli. Miraji akapita, akatazama upande wa pili, akenda zake. Siku ile sheria haikuwa na pua.

Wenzangu walishangilia. Mimi mkate wangu niliurudisha bakulini. Jana Mwanakhamis alipika kwa kuwa mikono ni yake. Leo anapika kwa kuwa bibi mmoja kamzaa bwana afya.

Nikamsikia Bi Kazija ndani anakohoa, kile kikohozi chake cha tangu masika, kisichosikia dawa.